Mwalishi na Nusu ya Ufunguo

Mwalishi wa mji wetu hakupenda kukaa ndani kabisa. Ukimkaribisha, alivuta mkeka mpaka karibu na kizingiti, akaketi upande, jicho moja kwako na jingine kwenye kichochoro. Hata chai aliinywa hivyo hivyo, na hakuanza kunywa mpaka amekuona wewe umekunywa kutoka birika lile lile. Siku moja nilimuuliza anaogopa nini.

"Siogopi," akasema. "Nataka kuyua nani apitao nami nikisema."

Kwa asiyezijua shughuli za Lamu, mwalishi ni mwanamke anayetumwa na wenye harusi, hitima au maulidi azunguke nyumba kwa nyumba kualika watu. Wengine siku hizi huchapisha kadi. Mimi mwenyewe ninazichapisha, nina duka la chapa na fotokopi pale mtaa mkuu. Lakini kadi kwetu ni pambo na simu ni fununu. Mtu huwa hajaalikwa mpaka mwalishi amesimama mlangoni pake, akataja nani anaoa, nani anaolewa, siku na mahali, na akaitikiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Nazijua nyumba za mtaa wa Mkomani zilizosusia harusi za damu yao kwa sababu mwalishi alipita wakiwa wanasali na hakurudi. Huyu wetu alikuwa akirudi. Aliweza kupita mlango mmoja asubuhi, adhuhuri na alasiri mpaka amwone mama mwenyewe uso kwa uso. Salamu zilizopokewa na mtumishi hakuzihesabu.

Mimi sikumwamini. Naandika hivi nikijua wako watakaonuna, maana mtaani alisifiwa kwa kutunza siri. Mtu anayeingia kila nyumba na kujua nani anapika nini, nani kalala chumba gani na nani kavimba macho, anatunzaje siri zote hizo bila kumwagika hata tone? Maneno yaliyosemwa kwetu siku moja yaliwahi kuturudia siku chache baadaye kutoka upande wa pili wa mji, yameongezwa chumvi. Nikaamua kumtega. Nilimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba nataka kumuuzia duka langu mtu mmoja wa bara, na nikamsihi asimwambie mtu. Kisha nikakaa nikingoja uongo wangu urudi.

Haukurudi. Wiki zikapita, miezi ikapita, hakuna aliyeniuliza habari za duka. Mtu mwingine angesema basi, mwanamke huyu ni mwaminifu. Mimi nilisema ameunusa mtego.

Pahali pake hasa, pale alipokuwa kama mfalme, ni kwenye mlango wa harusi ya wanawake. Usiku wa kumtoa biarusi, wanawake huvua mabuibui wakabaki na nguo zao za fahari, nywele wazi, na hapo hakuna mwanamume anayepaswa kuona wala picha inayopaswa kutoka. Kwa hiyo simu hukusanywa mlangoni. Mwalishi alikuwa na kikapu kikubwa cha ukili, kazi ya kijiji cha Kipungani, na kila aingiaye alitia simu yake humo. Lakini kulikuwa na desturi moja aliyoishikilia kuliko zote: mlangoni hukaa wanawake wawili, mmoja wa kuukeni na mmoja wa kuumeni, yaani upande wa biarusi na upande wa bwana harusi, na afadhali wawe hawapendani. Mmoja hushika kikapu, mwingine humtazama aliyeshika kikapu.

Nilikuwa miongoni mwa wanawake walioalikwa nilipomwona akiikataa harusi nzima kwa jambo hilo. Kuumeni walikuwa wamemleta mwanamke ambaye ni shoga yake mwalishi wa miaka mingi. Mwalishi akasimama, akafunga kikapu.

"Huyu hanifai," akasema. "Huyu aniamini mno."

Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Hakuketi mpaka walipomleta mtu mwingine, mama mmoja mwenye uso mkavu aliyewahi kugombana naye kisimani. Wakakaa wawili hao usiku kucha magoti yamegusana, hawasemeshani, na hakuna simu iliyopenya.

Kwa simu yake mwenyewe alikuwa kichekesho. Alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vibonye, na akitaka kusema jambo zito aliitoa betri kwanza, akaiweka mkekani mbele yetu sote. Alisema vitu vyenye masikio havifai kuwa na mdomo pia. Lakini mtu yule yule alikuwa akija dukani kwangu, akisimama nyuma ya mashine ya fotokopi, akiniomba nimchezee sauti zilizotumwa kwenye ukurasa wa akina mama wa mtaa. Alitaka kusikia kila kitu: nani kauza mahamri, nani kajifungua, nani kaomba dua. Ukimwambia basi nunua simu kubwa ujisikilizie mwenyewe, alikuangalia kana kwamba umemtukana.

Ukurasa ule tuliufungua kwenye mtandao wa kampuni kubwa ambayo sina haja ya kuitaja. Nusu ya dunia imo humo. Ulikuwa wa kwetu kwa maneno tu. Kampuni ndiyo iliyoamua habari gani ionekane kwanza, na nani aione. Akina mama wakizungumza mambo ya mimba, kesho yake matangazo ya dawa za uzazi yanawafuata mpaka kwenye simu za waume zao. Tulilalamika, tukazoea.

Kisha akafa kaka yake mwalishi.

Lazima niseme kwanza kwamba mwalishi alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeolewa Faza, kule kisiwani Pate. Walikuwa na sauti moja. Ukiwasikia nyuma ya pazia huwezi kujua yupi ni yupi, na kicheko ndicho kilichozidi: kilianza juu, kikakatika kama kimekwama, halafu kikaanza tena kwa nguvu. Yule wa Faza akija harusini wakakaa pamoja, mmoja akianza mwingine anadakia, na watu waliokuwa vyumba vya nyuma walisema, "Haya, wameanza." Ilikuwa raha kuwasikia, hata kwangu mimi.

Kaka yao alifariki asubuhi, azikwe alasiri, kama ilivyo kwetu. Mwalishi siku hiyo ni mfiwa, na mfiwa hatumwi. Alikuwa ameketi pembeni, ameshika kanzu ya marehemu. Mpwa wake Mwanaisha ndiye aliyeshika mambo. Mwanaisha akaiandika habari kwenye ukurasa wetu, kwa kuwa kila mtu yumo, na shangazi wa Faza yumo mchana kutwa. Watu wa nyumbani wakadhani Mwanaisha amepiga simu; Mwanaisha akadhani maandishi yametosha. Mwalishi mwenyewe, mwanamke ambaye hakuwahi kuihesabu salamu iliyopokewa na mtumishi, alimuuliza Mwanaisha mara moja tu: "Faza wamepata?" Mwanaisha akasema wamepata. Mwalishi akalipokea hilo bila kurudia swali.

Faza hawakupata. Kampuni iliona heri kumwonyesha shangazi mapishi ya biriani na ugomvi wa waimbaji. Habari ya kifo cha kaka yake ilimtokea siku moja baada ya hitima ya siku ya tatu, na chini yake tangazo la nyumba za kuuza Shela. Nililiona mwenyewe, maana aliipiga picha akaituma. Ndicho kitu cha mwisho alichotuma. Baada ya hapo kilikuja kijineno kwa mdomo, na nahodha wa boti aliyekileta alikisema akiangalia chini: "Mwambieni, yeye apelekao habari za watu wote, za kwetu alimwatia nani azipeleke?"

Mwalishi hakwenda Faza, na wala hakumtaja mdogo wake tena. Kicheko chake nacho kikaisha. Alitabasamu, alikejeli, lakini kile kicheko sikukisikia tena. Badala yake shaka yake, iliyokuwa nusu mzaha, ikawa ya kweli.

"Kuna mtu meishika habari ile," aliniambia dukani.

Nikamweleza kwamba si mtu, ni mashine. Mashine inapandisha juu kile kinachobonyezwa sana na watu, na msiba haubonyezwi.

"Na mashine ilipawa kazi na nani?"

"Na wenye kampuni."

"Basi kuna mtu," akasema, akatwaa mwavuli wake akatoka. Neno lake liliniudhi siku nzima.

Aliyetutoa kwenye mtandao ule ni Madam, mwalimu wa kompyuta wa sekondari ya wasichana, mtu wa bara, Mkristo, mpole, mwenye kupenda kueleza. Alikuja dukani kuchapisha mitihani akatusikia tukilalamika. Akasema ipo njia nyingine. Kuna mitandao isiyo na tajiri mmoja: kila mtaa au kijiji kinajenga nyumba yake, katika kompyuta yake, na kanuni zake na mlango wake. Nyumba ya Lamu ikitaka inazungumza na nyumba ya Faza, au ya Mkokoni, au ya Mombasa, na ikikerwa inaufunga mlango ule peke yake. Habari zinafuatana kwa saa zilivyoingia, hakuna wa kuzipanga, na matangazo hakuna. Programu zenyewe ni za bure.

Tuliitisha kikao nyumbani kwangu, barazani kwa ndani. Akina mama walikuwa wengi, na mwalishi alikuwa kizingitini na mkeka wake. Madam alieleza vizuri sana. Walioelewa waliitikia, wasioelewa waliitikia zaidi. Halafu kukasikika mlangoni:

"Ni bure kwa nini?"

"Kwa sababu, Mama, walioiandika hiyo programu wamejitolea," Madam akasema.

"Ni watu wa wapi?"

"Wa dunia nzima. Wako wengi."

"Wewe wawayua?"

"Wacha nikuelezee, Mama. Si lazima niwajue. Kazi yao iko wazi, mtu yeyote anaweza kuikagua."

"Wewe umeikagua?"

Madam ni mtu mkweli. Akasema yote hajaikagua.

"Basi mwanitowa kwa tajiri nisiyomyua," akasema mwalishi, "mwanipeka kwa masikini nisiowayua."

Akina mama wakaangua kicheko, na Madam akacheka pia, lakini niliona masikio yake yamewaka. Nilikasirika. Mtu amejitolea jioni zake kwa ajili yetu, tena mgeni, anasailiwa kama mwizi. Nikamwambia mwalishi kwamba nyumba hii itakuwa yetu, kisanduku chake kitakaa hapa hapa kwangu, kwenye kidaka cha ukuta wangu, karibu na sahani za marehemu bibi yangu.

"Na ufunguo?" akauliza.

"Ninao mimi. Na Madam kwa kuanzia."

"Basi si yetu. Ni yenu."

Mimi ni mtu wa Mkomani, yeye ni wa Langoni, mitaa miwili inayoshindana tangu zamani, na nusu ya wanawake waliokuwa mle walikuwa wa kwao. Niliona nyuso zikigeuka kuniangalia, nyuso ambazo dakika ile ile zilikuwa zikiitikia kila kitu. Alikuwa amewatia shaka juu yangu kwa maneno matano, ndani ya nyumba yangu, baada ya kunywa chai yangu.

Alilotaka ni hili: mlango uwe na watu wawili, kama mlango wa harusi. Mmoja wa Mkomani na mmoja wa Langoni. Jambo kubwa lolote, kumfukuza mtu, kufungua mlango kwa nyumba nyingine, kupekua yaliyohifadhiwa, lisifanyike mpaka wote wawili wametia neno lao la siri. Na mmoja akijaribu tu kuugusa mlango ule, mwenzake apate habari papo hapo.

"Inawezekana?" nikamuuliza Madam, nikitumaini atasema haiwezekani.

"Inawezekana," Madam akasema. Alikuwa amekwisha kusahau kuchukia, macho yanang'aa. "Tena ni wazo poa sana. Ujumbe utaingia hata kwa kabambe."

"Wa Langoni atakuwa nani?" mtu akauliza, ingawa sote tulikuwa tumejua.

Siku ya kutia maneno ya siri alitutoa sote chumbani, pamoja na Madam, tukasimama uani juani. Alijifunika buibui yeye na kompyuta, akawa anabonyeza kwa kidole kimoja. Tulimsikia akinong'ona herufi moja moja. Alipotoka alinitaka na mimi niingie nitie langu, naye akasimama uani akiwa amegeukia ukuta, masikio ameyaziba kwa vidole ili nisije nikasema baadaye kwamba alisikia.

Tukahama. Sitadanganya kwamba ilikuwa furaha tupu. Nyumba yetu mpya ilikuwa kimya, umeme ukikatika na betri ikichoka nayo inalala. Wako waliorudi kwa kampuni baada ya mwezi, wakisema huku hakuna vichekesho, ni mahamri na vifo tu. Lakini vifo vilifika. Kila msiba ulioandikwa mle ulionwa na kila aliyekuwamo, kwa utaratibu ulivyoingia, na mwalishi bado alizunguka kwa miguu kuhakikisha.

Alikuja kwangu pia kukikagua kisanduku. Hakujua anachokikagua. Aliinua kitambaa, akatazama vitaa vikipepesa, akashusha kitambaa. Nilimwambia kwamba kwa kukitazama hawezi kujua kama nimefanya hila. "Siketi kutazama sanduku," akasema. "Nakutazama wewe nikitazama sanduku." Nami nilikuwa nikimtazama yeye, kama kweli hana mtu anayemsomea ujumbe wake, kama neno lake hajamwambia Mwanaisha. Tuliishi hivyo. Naweza kusema nilizoea, hata siku asiyokuja nilikiona kidaka kimepwaya.

Ndipo Faza nao wakajenga nyumba yao. Walimu wa kule walisaidiwa na Madam, na wakatuletea ombi la kufunguliana milango. Akina mama walifurahi mno, maana nani Lamu hana mtu Pate? Mimi nikatia neno langu siku ile ile. Mwalishi akakataa kutia lake.

Alisema hawajui mlangoni wamemweka nani. Tukamletea majina. Akasema majina ni ya upande mmoja. Faza wakaongeza mtu. Akasema ngoja Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita. Madam, ambaye uvumilivu wake ulikuwa haujawahi kuisha, akaja dukani akaniuliza kama mzee yule ana chuki na watu wa Faza.

Nikamwambia hana chuki. Nilikwisha kuona. Siku moja nilikuwa nimesema tu, bila nia, kwamba mdogo wake ameingia kule kwenye nyumba ya Faza, jina lake lipo. Mkono wa mwalishi ulikuwa umeshika kikombe, akakiweka chini pole pole, akauliza, "Yuko mle?" kisha akauliza bei ya mchele. Mlango ule ukifunguliwa, mdogo wake ataweza kumwandikia. Na pia ataweza kutomwandikia. Muda wote mlango ukiwa umefungwa, alikuwa na wa kumlaumu kwa kimya cha mdogo wake.

Nilimhurumia, na niseme wazi pia kwamba nilimchukia kidogo. Mji mzima ulikuwa unangoja mlangoni kwa ajili ya donda la mtu mmoja. Nikamwambia hivyo, mbele ya mashine ya fotokopi, kwa ukali usiofaa kwa mtu wa umri wake.

"Wewe wakataa kwa kuwa waogopa, Bi. Usisingizie walinzi wa Faza."

Akatoka na mwavuli wake. Nikajua nimeharibu.

Alirudi baada ya siku nyingi, na safari hii alikuja na habari: mjukuu wake alikuwa amechumbiwa, harusi imepangwa, na magoti yake mwenyewe yalikuwa yameanza kumkatalia ngazi. Akaketi, si kizingitini, ila ndani, kwenye kiti cha wateja. Hapo nikaogopa kweli.

"Fungua kompyuta yako," akasema. "Natia neno langu."

Akanitoa dukani kwangu mwenyewe, nikasimama mtaani na wapita njia, mpaka aliponiita. Mlango wa Faza ukafunguka. Kisha akaniomba niandike ujumbe kwa mdogo wake. Alinitamkia kwa sauti ile aliyotumia milangoni kwa watu, wima, macho mbele: mjukuu wetu fulani anaolewa na fulani, siku fulani, nyumba fulani, nawe umealikwa. Nilimuuliza kama hataki kuongeza neno lake. Akafikiri.

"Ongeza: na kuukeni hatuna mtu wa mlangoni."

Alikaa dukani mpaka adhuhuri akiangalia mashine. Jibu lilikuja siku ya pili, sauti, fupi. Nilipoicheza nilishtuka, maana ilikuwa sauti ya mwalishi mwenyewe ikimjibu mwalishi: "Mimi sialikwi na chuma. Mwambieni aye mwenyewe, kwa maguu yake, asimame mlangoni kwangu."

Nilimtazama nikitarajia atavunjika. Yalikuwa maneno yake yeye, kanuni aliyowafunza watu wa mji mzima, inamrudia na magoti yakiwa hivyo. Yeye alikuwa amefumba macho.

"Icheze tena," akasema.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza gatini. Boti la Faza lilikuwa limejaa magunia, pikipiki moja imelazwa mbele, na abiria wanagombania kivuli. Mwanaisha alikuwa ameshashuka na mizigo. Mwalishi akasimama kwenye ngazi ya mwisho, ameshika bega langu, akageuka kutazama nyuma yangu, kulia, kushoto.

"Mai ya bahari hayana mwenyewe," akasema. "Nikifa ndiani, nyumba isifungike kwa sababu yangu. Inama."

Nikainama. Akaninong'oneza neno. Lilikuwa neno moja, jina la tunda. Sikuamini masikio yangu. Miaka yote ile ya kugeukia ukuta, leo ananipa nusu yake, mimi mwenye nusu nyingine, mimi wa Mkomani.

"Bi, mbona wanipa mimi?"

"Basi nimpe nani?" akasema, akashuka, na mabaharia wakampokea mikononi.

Nilirudi dukani nimefura kwa namna fulani ya fahari, na machozi karibu. Nilijiambia kwamba ndiyo kumbe, tumekuwa tukiaminiana bila kujua. Nilifungua milango ya duka, nikafagia, nikahudumia wateja. Lakini neno lile lilikuwa linaniwasha. Vipi kama amekosea herufi? Mzee, magoti, safari. Kitu gani kingine kinaweza kuwa kimeanza kumkatalia? Lazima mtu ahakikishe. Si kuingia, ni kuhakikisha tu. Alasiri, mtaa ulipotulia, niliketi kwenye kompyuta, nikatia neno langu, kisha nikatia jina la lile tunda.

Halikukubali. Nikalitia tena kwa herufi kubwa. Halikukubali.

Nilikuwa bado nimekodolea macho pale simu yangu ilipolia. Ilikuwa namba ya kabambe. Nyuma yake nilisikia vyombo, kuku, watu wa Faza wanaongea.

"Mesikia mtu yuko mlangoni kwetu," mwalishi akasema. "Mara mbili."

Sikuwa na pa kujificha. Nikasema nilikuwa nahakikisha.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Na lile duka? Yule mtu wa bara meshalinunua?"

Joto likanipanda mpaka masikioni. Ndipo akaanza kucheka. Kicheko kilianza juu, kikakatika kama kimekwama, na kabla hakijaanza tena nikakisikia kingine karibu yake, kile kile, kikikidakia.